Nje ya Swali

Kwa miaka 33 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mikoa minne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa fasihi wa kidato cha tano na cha sita. Ukiniuliza nilipitia riwaya ngapi katika muda huo, nitakutajia nyingi. Ukiniuliza ni ngapi nilizozisoma kama msomaji, yule anayekaa na kitabu kwa sababu anataka kujua fulani yatamfika yapi, nitalazimika kunyamaza kidogo. Riwaya nilizipitia kama karani wa ghala anavyopitia hati ya mizigo: dhamira zipo, migogoro ipo, ujumbe upo, falsafa ya mwandishi ipo, muundo ni wa moja kwa moja wenye urejeshi hapa na pale, weka alama, geuza karatasi. Mwaka ulipoanza upya nilitoa daftari lilelile la maandalio, ambalo jalada lake lilikwisha kubanduka, nikawaandikia ubaoni wanafunzi wapya yaleyale niliyowaandikia kaka na dada zao.

Nilistaafu mwaka 2022, nikarudi Tanga, katika nyumba ya mama yangu Ngamiani. Mama ana miaka 81, na presha ya macho imemla nuru polepole kuanzia pembeni, mpaka sasa anachokiona ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita mbele yake. Daktari alikwisha kutueleza kwamba kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi, na kwamba matone anayotiwa asubuhi na jioni ni ya kulinda kilichobaki. Yeye ni mtu wa chuo cha Qur'ani na darasa la nne, lakini alikuwa msomaji kuliko mimi mwenye shahada: alisoma msahafu kila siku, alisoma gazeti lolote lililopita nyumbani, na alikuwa na tabia ya kukikunjua na kukisoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, akilalamika kwamba habari imekatika pazuri. Nilipokuwa na wiki ya tatu hivi nyumbani, nikihangaika na vitabu vyangu nisivyojua niviweke wapi, aliniambia kutoka barazani, bila kugeuza uso, kwamba nimesomesha watoto wa watu miaka yote hiyo na sasa nimsomee na yeye.

Tukaweka utaratibu. Tunaanza baada ya sala ya Isha, tukiwa sebuleni, kwa taa ya sola kwa sababu umeme haukopesheki, na tunasoma mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha. Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu na anayekaa nasi, anajikunyata kwenye mkeka na simu yake, akijifanya hasikilizi. Jioni ya kwanza aliniuliza kama kitabu hicho kitatoka kwenye mtihani, nilipomjibu kwamba hakitoki akarudi kwenye simu. Lakini niligundua siku za mbele kwamba sauti ya simu ilikuwa imezimwa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni la koo, si la akili. Kitabu kisomwacho kwa sauti hakirukwi. Katika kusoma kwa macho nilikuwa nimejijengea uhodari wa kuruka maelezo ya mandhari, kuruka barua, kuruka mashairi yaliyopachikwa katikati, na kutua moja kwa moja pale ambapo mgogoro unachomoza. Mbele ya mama hilo haliwezekani, kwa kuwa akisikia nimevuta pumzi pasipo na kituo, ananiambia nirudi nyuma.

Tulianza na kitabu cha Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, nilichokichagua kwa hesabu ya kivivu: mwandishi ni mtu wa huku kwetu, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 mama alikuwa msichana anayelisikia jina lake likitajwa na wazee. Darasani nilikuwa nikimmaliza Shaaban Robert kwa neno moja, maadili, na nakiri kwamba hata mara hii kurasa za maadili zilinichosha, kwa maana mtu anayekuasa kila baada ya aya mbili humwachi kumheshimu ila unaanza kumkwepa. Kilichonishika ni mambo ya utumishi. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na habari za kuhamishwa kutoka Pangani hadi Mpwapwa, yaani kutoka kwenye harufu ya bahari hadi kwenye vumbi la bara, nilizisoma nikiwa na kumbukumbu ya barua zangu nne za uhamisho, ambazo zote zilinifikia katikati ya muhula na zote zilinitaka niripoti mara moja.

Mama alisikiliza kwa namna nyingine kabisa. Shairi la kumwomboleza mkewe Amina alinirudisha nilisome mara tatu, kisha akakaa kimya, na nilidhani amesinzia, mpaka aliposema kwamba mtu huyu amempenda mkewe kwa kweli, lakini mbona hasemi mwanamke huyo alikuwa akicheka vipi. Sikuwa na jibu. Tulipofika kwenye Utenzi wa Hati, ambao mwandishi alimtungia binti yake, alitaka usiku uleule nimsomee na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume, ili aone nani kabebeshwa mzigo mzito. Ilikuwa karibu saa tano nilipomaliza, sauti imenikauka. Hukumu yake ilikuwa fupi: binti kaachiwa jiko, mwana kaachiwa dunia. Mpwa wangu alicheka mkekani, na hapo ndipo nilipojua kwamba tupo watatu.

Kitabu cha pili kimetufikia kwa njia ya kuzunguka. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaandika kwa Kiingereza, na riwaya yake iliyotoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise ilikaa miaka 28 kabla ya kusomeka kwa lugha ambayo watu wake wengi wangekuwa wakiizungumza. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka uliofuata ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nilikinunua Dar es Salaam nilipokwenda kufuatilia mafao yangu, safari ambayo isipokuwa kitabu hicho haikuniletea kitu. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu nimesoma tafsiri nyingi ambazo zinasimama mdomoni kama wali wenye mchanga. Kila ukitafuna unasikia. Hii haikunikwaruza. Nilisoma kurasa 20 za kwanza kwa pumzi ya kawaida, na mama hakuuliza hata mara moja kama ni kitabu cha kizungu.

Habari ni ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 katika mji mdogo wa bara wakati Wajerumani wanapitisha reli yao, ambaye baba yake anamiliki hoteli isiyolipa. Kuna mfanyabiashara wa pwani, Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwona kama mdogo wa baba, na ambaye kila anapopita humpa sarafu ya anna kumi. Nilisoma habari ya hizo anna kumi kwa haraka, nikiamini ni pambo la utotoni. Mama alinisimamisha. "Mgeni anayempa mtoto pesa kila akija," alisema, "kamuulize baba yake anadaiwa kiasi gani." Kurasa chache baadaye Yusuf anapandishwa kwenye treni kwenda pwani, na huko, katika duka la huyo tajiri, kijana Khalil aliyetangulia kufikwa na hayohayo anamweleza kwamba huyo si baba yake mdogo hata kidogo, na kwamba yeye Yusuf ni rehani ya deni. Mimi ningelijua hilo nilipoelezwa. Mama alilijua kwa kusikia sarafu tu, kwa sababu amekulia katika mji wa wafanyabiashara na anajua ukarimu wa aina ile unaandikwa kwenye daftari gani.

Lililofuata ndilo ninalolisimulia kila nikikutana na walimu wenzangu. Katika nyumba ya tajiri, nyuma ya ukuta wa bustani, yumo bibi mwenye nyumba anayeugua, ambaye anamtamani yule kijana kwa uzuri wake na kutaka amsomee dua. Mama alipolisikia jina la Zulekha alikaa sawasawa, akavuta kanga mabegani, akatangaza kwamba nguo ya Yusuf itachanwa, na itachanwa kwa nyuma. Qur'ani yenyewe haimtaji mwanamke huyo kwa jina katika sura ya Yusuf, lakini masimulizi ya mitume tuliyosomeshwa chuoni humwita hivyo, na kila mtoto aliyepita chuoni anajua kwamba nguo iliyochanwa mgongoni ndiyo iliyomtoa Nabii Yusuf hatiani, kwa kuwa ilionyesha alikuwa akikimbia. Basi kwa siku sita mfululizo, kabla sijafungua ukurasa, mama aliniuliza, "Bado?" nami nikamjibu bado. Siku ya saba shati likachanwa, kwa nyuma, na mama akapiga kofi moja kubwa la furaha kana kwamba ameshinda bao. Mimi jambo hilo nina neno lake, neno refu la kitaaluma ambalo ningeliandika ubaoni na kulipigia mstari kwa chaki ya rangi. Nilijisikia mtu mwenye jina la tunda asiyejua ladha yake.

Hatukukubaliana kwa kila kitu. Sura za msafara wa kwenda bara, wenye wapagazi, bidhaa, mvua, magonjwa na yule mtawala Chatu anayewanyang'anya mali yao, mimi naziona ni moyo wa kitabu, kwa sababu hapo ndipo biashara yote ya pwani inapoonekana ilivyo, ikiwa imevuliwa kilemba. Mama aliziona ndefu na zimejaa wanaume wanaogombana. Mwisho wa kitabu ulimkasirisha kabisa: Yusuf anaona kikosi cha Wajerumani na askari wao kikipita kikikamata watu, naye, badala ya kujificha, anatoka mbio kuwafuata. Nilisoma sentensi ya mwisho nikafunga kitabu, na kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Kisha mama akaanza kutueleza habari za babu yake, aliyechukuliwa hapahapa Tanga kubeba mizigo ya jeshi katika vita vile vya mwaka 1914, ambapo Waingereza walileta askari wao wa Kihindi kwa meli mwanzoni mwa Novemba na wakatimuliwa na Wajerumani wakisaidiwa, kama watu wa mji huu wanavyopenda kusema, na nyuki. Habari za nyuki nilizijua tangu utoto. Habari kwamba babu huyo alikamatwa akitoka kuoga, akaondoka na shuka moja, na aliporudi baada ya miaka minne hakutaka tena kulala ndani ya nyumba yenye mlango uliofungwa, hizo sikuwahi kuzisikia, nami nina miaka 62. "Babu yangu hakuwakimbilia," mama alisema. "Huyu anawakimbilia kwa sababu kila nyumba aliyoingia ilikuwa ya mtu mwingine." Nilitaka kuliandika hilo mahali, nikaona aibu kuchukua kalamu.

Baada ya hapo nilijitia ushujaa nikaleta Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kitabu chembamba ambacho wasomi wamekiandikia makala mengi kuliko kurasa zake. Tulikiweza kwa jioni tatu tukakiweka. Mama alisema kinamfanya ajione anaota ndoto ya mtu mwingine, na mimi, ambaye nimewahi kukitolea semina, sikuweza kumweleza kinahusu nini bila kurudia maneno ya semina ile. Bado kipo kwenye rafu, na huenda siku moja nikakirudia peke yangu, kwa kunong'ona.

Sasa nije kwenye kitabu kilichonifanya niandike haya. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa riwaya za kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba nikiamshwa usiku naweza kukutajia migogoro yake kwa mpangilio. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Anaikimbia ndoa, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa mtaa wa Ng'ambo anayependa starehe. Kupitia Mwajuma anamfahamu Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayeingiza vijitabu vilivyopigwa marufuku na kuwindwa na polisi wa mkoloni. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu. Katika maandalio yangu Denge alikuwa mhusika mkuu mwanamapinduzi, Yasmin alikuwa mhusika mkuu anayebadilika, na Mwajuma alikuwa mhusika msaidizi, aliyechorwa kama mwanamke wa starehe mwenye huruma. Mstari mmoja na nusu.

Nilimsomea mama riwaya hiyo kwa karibu miezi miwili. Lugha yake ilimfurahisha kuliko vyote vilivyotangulia, kwa sababu ni lugha ya watu wa visiwani wakitaniana, wakitongozana, wakinunua samaki, na mara nyingi alinitangulia kumaliza sentensi. Kwa siasa za Denge hakuwa na subira, na nilipozisoma kwa sauti niliona kwa nini: Denge anapozungumza na wenzake mara nyingi huzungumza kama mtu anayejua kwamba kuna wanafunzi wanaandika nukuu. Polisi nao wamechorwa kwa kejeli iliyozidi kipimo, mpaka unajiuliza watu wa namna hiyo waliwezaje kumtisha mtu yeyote. Haya ni mapungufu, na sikuwahi kuyataja darasani, kwa kuwa swali la mtihani huuliza mwandishi amefanikiwa vipi, nasi tukajibu amefanikiwa.

Tulipofika pale Yasmin anapokwenda kubisha kwa Mwajuma, mama alinyoosha mkono niache kusoma. Aliniuliza huyu Mwajuma ana vyumba vingapi. Nikamwambia ni maskini, hana nafasi ya kutosha. Anapika nini? Nikarudi nyuma kutafuta. Anajua Wahindi wenzake na binti huyu watasema nini, na majirani watasema nini? Nikasema anajua. Akatikisa kichwa, akasema: "Basi mwenye kitabu ni huyu. Yule Denge anasema uhuru, huyu kaugawa ukumbi wake."

Kalamu haikuwepo mkononi lakini nilihisi vidole vyangu vimekaza, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyaona. Si yaleyale neno kwa neno. Lakini niliwahi kuyaona, kwa wino wa buluu, katika karatasi ya mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, miaka isiyopungua 12 iliyopita. Swali lilikuwa la nafasi ya mwanamke katika riwaya mbili. Majibu yaliyotarajiwa yalikuwa kwenye mwongozo wa kusahihishia: mwanamke kama mlezi, kama chombo cha starehe, kama mtu asiye na maamuzi, kama mwanamapinduzi, kila hoja alama mbili na nusu, pamoja na mfano. Msichana mmoja, aliyekaa safu ya nyuma na ambaye sikumbuki akiinua mkono hata siku moja, aliacha mgawanyo wote huo, akaandika karatasi mbili kuhusu Mwajuma peke yake. Alieleza kwamba wanaume wa riwaya hii wanapigania nchi, na wanaweza kuipigania kwa sababu kuna mwanamke aliyekwisha kuwaonyesha nchi hiyo itafananaje, katika nyumba isiyotosha watu wawili, ambamo Mhindi na Mswahili wanakula sahani moja. Aliandika kwamba mwandishi mwenyewe huenda hakujua alichokifanya.

Nilimpa alama 6 kati ya 20, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikaandika: nje ya swali.

Nakumbuka vizuri kwa sababu alinifuata ofisini baada ya kurudishiwa karatasi, jambo ambalo wanafunzi wa aina yake hawafanyi, akaniuliza kwa adabu ni wapi hasa alipotoka nje. Nilikuwa na rundo la karatasi 80 hivi mbele yangu na chai inayopoa. Nilimfungulia mwongozo, nikamwonyesha hoja kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwonyesha mgeni ramani ya kituo cha basi, nikamwambia mtihani wa taifa hautamsamehe. Katika hilo sikumdanganya. Alisema, "Asante mwalimu," akachukua karatasi yake. Katika mtihani wa mwisho alifanya vizuri, nadhani alijibu kwa mgawanyo, na sijui yuko wapi leo.

Nilimsimulia mama haya usiku uleule, nikitarajia, sijui kwa nini, kwamba atanitetea. Aliuliza swali moja tu: yule binti alikuwa amekaa nyumba ya nani wakati anasoma? Nikamwambia sijui. "Ungemuuliza," alisema, kisha akaniambia niendelee kusoma, maana alitaka kujua Yasmin amelala wapi.

Toka hapo nimekuwa nikijaribu kuzisoma upya riwaya nilizozifundisha, nikianza na zile nilizoziandikia maelezo mafupi zaidi. Kazi hii ina ugumu wake. Mkono umezoea, na mara nyingi najikuta nimekwisha kuugawa ukurasa katika fani na maudhui kabla mtu yeyote ndani yake hajasema neno. Njia pekee niliyoiona inanisaidia ni kujiuliza maswali ya mama, yale yasiyo na alama: nani analala wapi, nani anapika, pesa hii imetoka mfuko gani, kwa nini mlango huu umefungwa. Sidai kwamba maswali hayo ni bora kuliko ya mwongozo kila mara; katika Nagona hayakutufikisha popote, na katika Shaaban Robert yalitufikisha kwenye ukimya. Wala siwalaumu walimu wenzangu waliobaki kazini. Mwenye wanafunzi 80 na miezi minane ya kumaliza vitabu sita anahitaji mwongozo kama dereva wa basi anavyohitaji barabara, hata kama mandhari nzuri ziko porini.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea daftari lake. Shuleni kwao wanasoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, na wamepewa swali la kujadili dhamira tatu. Hoja zake zilikuwa safi: umaskini, malezi, ulevi, kila moja na mfano wake, na nilimwambia zitampatia alama. Akanyamaza, akizungushazungusha kifuniko cha kalamu, kisha akasema kuna jambo jingine lililomsumbua ila halimo katika zile tatu: inakuwaje mwanamke ambaye kazi yake ni kulisha mtaa mzima arudi nyumbani kwenye watoto wenye njaa, na wale wanaokula kwake kila siku, je, wamewahi kuuliza ana watoto wangapi? Akaniuliza, "Mjomba, nikiandika hivi nitapata?"

Nilimjibu ukweli, kwamba huenda asipate, na kwamba zile tatu aziache zilivyo. Lakini nilimwambia ageuze daftari, aanze kuandika hilo la nne kwa upande wa nyuma. Bibi yake, ambaye tulidhani anavuta uradi, akauliza kutoka kitini kwake na hilo la nyuma atalisahihisha nani.

Mpaka juzi yalikuwa yamefika kurasa mbili na robo. Nimeruhusiwa kuyaona ila sijaruhusiwa kuyasoma kwa sauti, ingawa mama kila jioni, kabla sijafungua kitabu chetu, anauliza kama bado.